Bakuli la Utumbo kwa Mtaliani

Baba yangu alikuwa mchinjaji. Pale Nachingwea, miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga, ng'ombe wa sokoni hakuangushwa mpaka yeye afike na kisu chake. Waislamu ndio tuliokuwa wengi, na Mwislamu hali nyama mpaka ajue nani amechinja. Na si Mwislamu yeyote tu. Awe mtu ambaye mdomo wake unajulikana unakula nini. Kisu kile ndicho kilichotutoa kijijini Matambarale tukaja mjini, ndicho kilichotulisha, na mimi kwa mkono wangu nilikaribia kumnyang'anya.

Majina ya watu wote nitakaowasema ninayo kichwani, na ya baba zao pia. Siyaandiki. Wajukuu zao ndio tunaozikana nao.

Nilikuwa nimeolewa Ruangwa, nikaachika kabla ya mwaka kwisha, bila mtoto. Nikarudi kwa baba. Shule nilikwenda madarasa mawili tu. Kazi niliyoijua sawasawa ni kuosha utumbo, maana kwa mchinjaji mtoto wa kike anakuzwa na utumbo. Unaumwaga, unaukunja nje ndani, unauchovya maji ya moto, unaukwangua kwa kisu butu mpaka ule weusi utoke wote, unausugua kwa chumvi na ndimu, unasuuza tena na tena. Ukiwa mvivu, mlaji atakujua kwa pua.

Ndivyo nilivyofika kwa Mtaliani.

Alikuwa mateka wa vita. Vita vilipokwisha hakurudi kwao, akaja na wazungu wa karanga kuwajengea nyumba. Kisha akaacha uashi, akafungua hoteli ya chakula karibu na soko, nyumba ya udongo na paa la mabati, meza nane. Ukimwita Mtaliani anaitika, halafu anaongeza mwenyewe: "Wa Roma." Kiswahili chake alikiokota kambini, kilikuwa kibovu lakini hakikuwa na aibu. Alimweleza baba kwamba huko Roma wachinjaji wa zamani walikuwa wakipewa vile ambavyo matajiri hawataki, mkia, kichwa, utumbo, miguu, na wake zao ndio waliojifunza kuvipika mpaka matajiri nao wakaanza kuvifuata. Baba akacheka sana. Akaniambia njiani, "Kumbe na kwao wapo watu."

Kila siku ilikuwa na chakula chake. Alhamisi ni vidonge, matonge madogo ya kuchemsha, ambavyo kwao ni vya viazi, lakini viazi kwetu havikuwepo, akavifanya kwa muhogo. Jumamosi ni utumbo. Ilikuwa ikifika Jumamosi saa sita, wazungu wa matrekta wanajaa mpaka wengine wanakula wamesimama, na Wagiriki, na Wahindi wawili wa dukani ambao hawakugusa nyama, wao walitaka tambi tu. Tambi zake hazikuwa na sukari wala nazi. Alizichemsha, akazigeuza na jibini ya kukwaruza na pilipili manga nyingi, basi. Mara ya kwanza nilipoonja nilidhani amesahau kitu. Mara ya tatu nilisimama mlangoni nikisubiri sahani zirudi, nione kama kuna kilichobaki.

Lakini utumbo ndio uliokuwa utumbo. Aliukata vipande virefu vyembamba, akaupika na vitunguu na nyanya nyingi polepole mpaka mchuzi unashika kijiko, halafu mwishoni majani ya nanaa, na jibini juu. Baba alikuwa na bakuli lake kila Jumamosi, ukumbi wa nyuma, akisha kuuza nyama. Alikula kwa mkate wa boflo, akalipangusa bakuli mpaka likawaka. Watu walimwona na hawakusema neno, kwa sababu walijua mambo mawili: utumbo ule ni wa ng'ombe aliyemchinja yeye mwenyewe, na anayemkaangia ni mimi.

Maana kulikuwa na nguruwe jikoni mle. Sifichi. Nguruwe wa porini walikuwa wanakula muhogo wa watu huko Nambambo, watu wakawaua, hawawashiki, wanawafunga kamba za magome na kuwaburuta mpaka barabarani. Mtaliani aliwanunua. Mashavu aliyapaka chumvi na pilipili manga, akayatundika stoo. Mafuta aliyayeyusha akayatia debe. Baba alipokubali nifanye kazi, alikubali kwa sharti, na Mtaliani akachukua chaki akapiga mstari sakafuni, katikati ya jiko. Upande wa dirisha wangu, na sufuria zangu na mwiko wangu. Upande wa stoo wa mpishi wake, mzee mmoja Mkristo wa Mnero, mtu wa maneno. Yule mzee aliufuata mstari ule kuliko mimi. Nikitaka kijiko chake ananiambia, "Rudi kwenu, mama, huku ni Ulaya."

Debe langu la samli na debe lake la mafuta yalikuwa sawasawa, yametoka duka moja. Lake lilifungwa kitambaa chekundu kwenye mpini.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa ya kipupwe, asubuhi baridi mpaka samli imeganda. Siafu waliingia upande wa stoo. Mzee wa Mnero akahamisha vitu vyake haraka haraka, akaweka debe lake juu ya benchi langu, na kile kitambaa alikuwa amekifungua ashikie sufuria ya moto. Mimi nilikuwa bombani nasuuza utumbo. Niliporudi, watu wamejaa, Mtaliani anapiga kelele tambi ziko wapi, moshi umenijaa machoni. Nikachota kwenye debe lililokuwa karibu. Samli ina chembechembe. Yale yalikuwa laini. Mkono ulijua, kichwa ndicho kilikuwa na haraka. Nikakaanga vitunguu, nikatia nyanya, nikatia utumbo.

Utumbo ulikwisha kuiva, na bakuli la baba lilikwisha kwenda, ndipo mzee wa Mnero alipokuja kuchukua debe lake. Akatazama ndani. Akanitazama.

"Nani kachota humu?"

Nilitazama debe langu, lilikuwa chini ya benchi, limefunikwa kama nilivyoliacha jana.

"Mama," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Mzee ameshakula?"

Nilikwenda mpaka mlango wa nyuma. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli mapajani. Lilikuwa limebaki nusu. Naliona bakuli lile mpaka leo, mchuzi umefika kwenye ua la bluu lililochorwa ndani yake.

"Leo umemshinda bwana wako Mtaliani," baba akaniambia. "Utumbo wa leo una ladha."

Nikasema, "Baba."

"Nini?"

Ukumbi ulikuwa na watu wengine, wapagazi wawili wa soko wanakunywa chai. Kama ningesema, wangesikia. Kama ningemnong'oneza, wangeona amesimama, ametema, wangejua.

"Nikuletee maji?"

"Lete."

Nikaleta maji. Alimaliza. Akapangusa bakuli kwa boflo kama siku zote.

Mtaliani alipoambiwa alikaa chini kwenye gunia la unga, akaimwaga sufuria yote iliyobaki, na wateja wake bado wanaisubiri. Mzee wa Mnero aliniapia kwa dini yake kwamba hatasema, na hakusema. Namshuhudia. Aliyesema ni mimi. Nilikaa nalo siku tatu, nalala nalo, naamka nalo, naiona midomo ya baba inasoma Bismillahi juu ya shingo ya ng'ombe. Siku ya nne nikamuuliza shangazi yangu, dada yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye. Nilimuuliza kwa kuzunguka: mtu akila haramu bila kujua, ana dhambi? Shangazi hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alinitoa neno moja moja mpaka yakaisha.

"Usimwambie mtu," akasema.

Yeye mwenyewe alimwambia mtu mmoja. Yule mtu mmoja alikuwa na dada yake.

Jumamosi iliyofuata baba alipotundika nyama, mteja wake wa siku zote alipita akasema, "Bwana mchinjaji, leo umechinja wa pembe au wa pua?" Watu wakacheka. Baba naye alicheka, alidhani ni utani. Kisha akaja mwingine, akaigusa nyama, akanusa kidole chake, akaondoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua maini kila juma alisimama mbali akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi nasubiri wa Nambambo. Nasikia analeta nyama yake Jumatano." Huyo mchinjaji wa Nambambo alikuwa na kisu chake, na alikuwa akilitamani soko letu muda mrefu. Kufika adhuhuri nzi walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Mtaliani alichukua utumbo na mkia wake, na hiyo nayo ikawa neno: mnaona, mteja wake ni mmoja.

Ile jioni, habari ya mafuta imekwisha kumfikia, baba alikula ugali na mlenda. Hakuniuliza chochote. Siku zote tano zilizofuata hakuniuliza. Afadhali angenipiga. Alinoa kisu kila asubuhi kama mtu mwenye kazi.

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alimwita Ijumaa, baada ya sala, barazani kwake. Alitaka na mimi niwepo. Wazee walikuwa watano, na yule wa Nambambo alikuwa amekaa pembeni, amevaa kanzu mpya. Asubuhi ile shangazi alinishika mkono uani.

"Mwana wa kaka yangu, sema hapana. Sema ilikuwa samli. Nani alikuwepo? Yule Mkristo, na yeye hawatamuuliza. Sema hapana, tupate kula."

"Na wakiniapisha?"

Shangazi akaangalia kuku. "Watu wanaapa kila siku," akasema, lakini taratibu.

Tulitembea, baba mbele na mimi nyuma, kutoka nyumbani mpaka kwa mwalimu. Nilisubiri ageuke. Neno moja tu, sema hivi au sema vile, ningelifuata. Hakugeuka. Niliangalia kisigino chake kilichopasuka mpaka nikakihesabu nyufa.

Msahafu ulikuwa kwenye kiti chake cha mbao, umefunikwa kitambaa cheupe. Mwalimu aliniambia nikae kwenye mkeka, nikakaa. Mzee mmoja akasema, "Aape kwanza." Ndipo baba alipofungua mdomo.

"Msimwapishe. Ni mwanangu, aseme tu. Nitakubali atakalosema."

Yule wa Nambambo akasema, "Hata likiwa la kukutoa sokoni?"

"Sikusema na wewe."

Mwalimu aliinua kiganja, wakanyamaza. Alikuwa mtu mpole, ananifahamu tangu mtoto, alinifundisha alifu kwa kijiti. "Binti," akasema, "Jumamosi ile ulimpikia baba yako kwa mafuta gani?"

Nilikuwa na jibu la shangazi mdomoni, limekwisha kukaa sawa. Samli. Neno dogo. Baba angetoka pale na kisu chake. Lakini kila nikitaka kulitoa naliona lile bakuli, limebaki nusu.

"Ya nguruwe," nikasema. "Debe lilihamishwa kwa ajili ya siafu. Sikujua."

Baraza zima lilipumua. Mzee mmoja akasema astaghafirullahi. Mwalimu akauliza, "Na yeye alijua?"

"Hakujua. Mpaka watu waliposema sokoni."

"Basi," mwalimu akasema, akawageukia wenzake, "asiyejua hana dhambi. Hilo mnalijua wote, mmelisoma kwangu."

Yule wa Nambambo hakukubali kirahisi. "Hana dhambi, sawa. Lakini lile tumbo lake je? Yamekwisha kuingia."

"Yamekwisha kutoka vilevile," mwalimu akajibu. "Au wewe unayaweka?"

Wakacheka, hata waliokuwa wamekunja uso. Nilidhani imekwisha. Nilianza kuinuka. Lakini mwalimu alikuwa mtu wa kufika mwisho wa ukurasa. Akaniuliza, kwa sauti ileile ya upole, "Na wewe binti, ulijua lini?"

Hapo hakuna aliyenilazimisha. Ningesema usiku, ningesema kesho yake.

"Alikuwa hajamaliza," nikasema. "Bakuli lilikuwa nusu. Nilisimama mbele yake."

Kicheko kilikatika. Baba aligeuka akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayetazama barabara aliyoipita kila siku na leo haijui.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?" mwalimu akauliza.

"Palikuwa na watu."

Mwalimu alifunga kitabu alichokuwa nacho. Akasema kisu cha mchinjaji ni safi, na anayetaka kubisha alete aya. Akasema mimi nisirudi kwenye jiko lile. Kuhusu ile nusu ya bakuli akasema ni yangu na Mola wangu, na baba yangu akitaka kunisamehe ni yake. Baba alisema, "Tumesikia."

Lakini baraza ni baraza na soko ni soko. Kesho yake baba alichinja dume kubwa la kutoka njia ya Ruangwa, akatundika mapaja mawili, ini, moyo, kila kitu, akapanga utumbo kwenye beseni. Mimi na shangazi tulikaa upande wa wauza mihogo, tunaangalia. Jua lilipanda. Watu walipita. Walimsalimu, na walimsalimu vizuri, lakini walipita. Kila mmoja alimwacha mwenzake aanze. Kama siku ile nyama ile ingerudi nyumbani, yule wa Nambambo angekuja Jumatano na asingeondoka tena. Baba alijua, mimi nilijua, hata muuza mihogo alijua, maana aliacha kuniita kwa utani.

Mara nikamwona Mtaliani anakuja na beseni lake, na mzee wa Mnero nyuma yake. Akiwa yeye wa kwanza kununua, hakuna Mwislamu atakayekuwa wa pili. Niliinuka nimkimbilie, nimwambie nini sijui. Lakini alipofika kwenye duka la Mhindi alisimama. Aliangalia nyama ilivyojaa. Aliangalia watu. Akaweka beseni lake chini, akavua kofia, akakaa juu ya ngazi za duka. Alikaa pale, Jumamosi, siku yake ya utumbo, na wazungu wake wanakuja saa sita. Mzee wa Mnero alimwambia kitu. Akatikisa kichwa.

Shangazi aliona. Aliniangalia, akajifunga khanga kiunoni, akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Baadaye mke wa mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema shangazi aliingia uani kwake bila hodi akamwambia, "Mumeo jana amesema kisu cha kaka yangu ni safi. Naona leo mnakula mchicha."

Walikuja wote wawili, yeye na shangazi. Mke wa mwalimu alikuwa mwanamke mnene, anatembea taratibu, kapu mkononi, na soko zima lilimpisha. Alisimama mbele ya baba.

"Nipe ratili tatu. Nitie na ini. Na usinipe mfupa mtupu, nakujua."

Baba alikata. Mke wa mwalimu alipokea nyama, lakini hakuitia kapuni. Aliishika mkononi, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mafuta, damu inamtiririka kwenye kiwiko, mpaka kila mtu amekwisha kuiona. Kisha akamwambia yule mwanamke wa maini, aliyekuwa amesimama palepale, "Na wewe, mume wako anakula hewa?"

Mwanamke yule alifungua pindo la khanga yake akatoa hela.

Baada ya hapo walikuja wengi mpaka wakasukumana. Mtaliani alipata utumbo wake jua limekwisha kuwa kali, na siku hiyo wateja wake walikula tambi tu. Baba alimpimia, Mtaliani akauliza kwa Kiswahili chake, "Mzee, Jumamosi nyingine kula?" Baba akamjibu kwa heshima kwamba ataendelea kumuuzia, lakini atakula nyumbani. Akamfungashia na kichwa cha ng'ombe, bure.

Hoteli ile haikudumu. Karanga zilishindwa, wazungu wakaondoka na matrekta yao, na Mtaliani akaondoka nao. Baba aliendelea kuchinja pale Nachingwea mpaka mkono ulipochoka. Mimi niliolewa tena, nikazaa, lakini yeye nilimpikia mpaka mwisho, kwa sababu shangazi alitangulia kufa. Nilimpikia utumbo mara nyingi, kwa nyanya na nanaa, bila jibini, maana wapi utaipata. Aliupenda. Hakuwahi kunigombeza kwa yale, wala kuyataja, na sikuwahi kumsikia akisema amenisamehe.

Ila kila nilipomwekea bakuli, hata akiwa amezeeka hasikii vizuri, alilisogeza kidogo, akaniangalia, akauliza, "Umetia nini humu?"

Nami nilikaa chini mbele yake nikataja kimoja kimoja, mafuta kwanza, mpaka akanawa mkono ale.